Tuongee Nyumbani: Usimuulize "Una Nini?", Muulize Tumbo Likoje

 

Mwezi huu tunaanza kwa kujisahihisha. Miezi mitatu iliyopita tuliandika hapa juu ya hasira za watoto. Tuliwashauri hivi: mtoto akilipuka, kaa naye chini, mwangalie machoni, muulize taratibu "Una nini? Unajisikiaje?", na usimwachie mpaka akujibu. Wengi mlituambia ushauri ule uliwasaidia, na tunashukuru. Lakini siku chache baada ya gazeti kutoka, mama mmoja alikuja kwenye kikao chetu cha Jumamosi, gazeti amelikunja mkononi. Akasema: "Nilifanya vile mliandika. Nilimuuliza mara ya kwanza, akanyamaza. Mara ya pili, akaziba masikio. Mara ya tatu, akaniuma." Akavuta mkono wa blauzi akatuonyesha. Alama za meno zilikuwa bado zipo.

Mtoto wake ana miaka 9. Anaongea, lakini kidogo. Anapenda kupanga vifuniko vya soda kwa mstari, na ukisogeza kimoja analia. Mvua ikipiga bati anakimbilia chini ya kitanda. Siku ya mgao ndiyo mbaya kuliko zote, kwani kwenye foleni anajitupa chini, anapiga kichwa kwa mkono, anampiga hata mdogo wake. Watu wanamgeukia mama. Mmoja anasema, "Mutoto yako hana adabu." Mwingine anasema, "Huyu eko na mapepo, mumupeleke kwa maombi." Mgao wa mwisho, baba yake alimfunga kwa kitenge kwenye mguu wa kitanda ili mama aende kuchukua chakula. Waliporudi walimkuta amejikojolea, na mkono umevimba kwa kuvuta. Mama alisema, "Si kwa ubaya. Hatukujua kingine cha kufanya."

Siku ile hatukuwa na la kumjibu. Tulimpa kiti, tukamsikiliza. Halafu tukaenda kuuliza kwa wahudumu wa afya ya akili, tukasoma, tukaongea na wazazi wengine wenye watoto wa namna hiyo, na vijana ambao wao wenyewe wamekua hivyo. Haya ndiyo tuliyojifunza.

AKILI NI NYWELE

Wazee walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii huwa tunaitupa kwenye mabishano, lakini hata madaktari wangeikubali. Ubongo wa binadamu haufyatuliwi kwa kalibu moja kama tofali. Kuna watu ambao ubongo wao umejengwa kwa namna nyingine tangu utotoni. Wenye usonji wamo humo. Wenye ile hali ya kutotulia na kupotewa na umakini, ambayo madaktari huiita ADHD, wamo humo pia. Wengine wana yote mawili.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11 ambao leo tungesema wana usonji. Kwa miaka mingi baadaye walikuwepo madaktari waliosema kosa ni la mama asiyempenda mtoto wake. Haikuwa kweli, na sayansi imelikataa jambo hilo. Siyo kosa la mama, siyo laana, siyo mapepo, wala haiambukizi. Na siyo jambo la watu wachache sana: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ukisimama kwenye foleni ndefu ya mgao, huenda yuko mmoja au zaidi humo humo.

MWILI HUTANGULIA, JINA HUFUATA

Sote tulifundishwa shuleni milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hatukufundishwa kwamba kuna mlango mwingine, unaotazama ndani. Mtaalamu Mwingereza Charles Sherrington aliandika juu ya hisia hizi za ndani ya mwili tangu mwaka 1906. Moyo, mapafu, tumbo, kibofu na misuli vinatuma habari kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, hasa sehemu moja inayoitwa insula. Huko habari inasomwa, na mtu anapata kuijua: hii ni njaa, hii ni kiu, hii ni haja ndogo, hii ni homa, hii ni hofu.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili zamani. Mtu mwenye wasiwasi tunasema yuko tumbo joto. Aliyeogopa, roho yake iko juu juu. Mwenye huzuni ana moyo mzito. Mwenye hasira, damu inamchemka. Wazee waliotupa maneno haya walijua kwamba mwili unatangulia, na jina la hisia linafuata nyuma.

Sasa, kwa watu wengi wenye usonji au ADHD, habari hizi za mwili hazifiki sawasawa. Kwa wengine zinakuja kwa sauti ndogo mno. Mtoto anacheza juani kutwa nzima wala hajui kwamba ana kiu, mpaka anaanguka. Kwa wengine zinakuja kwa sauti kubwa mno, hata lebo ya shati shingoni inamchoma kama upupu. Kwa wengine zimechanganyika: anajua kuna kitu kibaya ndani, lakini hajui kama ni njaa, woga au jino. Na mtu huyo huyo anaweza kuwa na yote matatu, kwa mambo tofauti.

Kuna pia hali ya kukosa maneno ya hisia zako mwenyewe. Wataalamu wanaiita aleksithimia, jina lililotengenezwa miaka ya 1970 kutoka Kigiriki, maana yake ni kama kusema "bila neno la moyo". Mwaka 2019 ulitoka uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi. Ulikuta kwamba karibu nusu ya watu wenye usonji wana hali hii, wakati kwa watu wengine ni kama 5 kati ya 100. Tuelewane hapa: haina maana kwamba hawana hisia. Wanazo, tena nyingi. Kinachokosekana ni njia kati ya hisia na jina lake.

Mkishaelewa hapo, mtaona kwa nini ushauri wetu ulimshinda yule mama. Kumuuliza mtoto wake "Unajisikiaje?" wakati amechemka ni kama kumwambia asome barua ambayo haijamfikia. Kumlazimisha atuangalie machoni ni kumwongezea mzigo mwingine juu ya kichwa. Jirani anaona mlipuko wa ghafla, lakini haukuwa wa ghafla. Kulikuwa na njaa ya tangu asubuhi, jua, kipaza sauti, kusukumana, na kibofu kilichojaa. Vitu vitano, na hakuna hata kimoja alichoweza kukitaja.

Kwetu sisi wakimbizi kuna jambo la kuongeza. Mtu aliyekimbia risasi, mwili wake unaweza kubaki macho hata akiwa mahali pa usalama. Mlango ukigongwa kwa nguvu, moyo unaruka. Mtoto mwenye usonji naye alikimbia vita kama sisi, kwa hiyo anaweza kubeba yote mawili. Msiseme "ni usonji tu", wala msiseme "ni vita tu".

YA KUFANYA NYUMBANI

Haya hayahitaji fedha. Yanahitaji uvumilivu, na watu wote wa nyumba wawe kitu kimoja.

Kwanza, anzeni na mwili, msianze na moyo. Chagueni kiungo kimoja kwa wiki. Wiki ya mikono, mtoto atie mikono kwenye maji ya baridi, halafu maji ya uvuguvugu. Afinye udongo wa kufinyangia, apige makofi, halafu aikunjue. Kila mara muulizeni swali dogo: "Mikono yako ikoje? Ya moto au ya baridi? Migumu au laini?" Wiki nyingine miguu, nyingine tumbo, nyingine moyo baada ya kukimbia. Fanyeni wakati ametulia, dakika chache tu. Akisema "sijui", mpokeeni na hilo. Asiyeongea aonyeshe kwa kidole.

Pili, mkubwa aseme mwili wake kwa sauti. Ngurumo ikipiga, mama aseme: "Moyo wangu unaenda mbio, mikono inatetemeka. Nafikiri nimeogopa. Nakaa kidogo, itapita." Mtoto anajifunza kwa kusikia, bila kuulizwa kitu. Lakini semeni maneno yaliyo wazi. Watoto wengi wa namna hii wanachukua neno kama lilivyo, na mmoja tunayemfahamu alilia sana alipoambiwa damu ya baba yake inachemka. Alifikiri baba anakufa.

Tatu, kama mwili haumwambii, saa imwambie. Msingoje aseme ana kiu au anataka choo. Chuma cha shule kikigongwa, anakunywa maji. Kabla ya kutoka nyumbani, choo. Kabla ya foleni, ale hata kiazi cha jana. Mama mmoja alituambia nusu ya milipuko ilikwisha kwa hili peke yake.

Nne, foleni ipunguzwe. Kama inawezekana, abaki na jirani anayemwamini, na mwezi mwingine wewe ubaki na wa kwake. Kama lazima aende, mfungieni kitambaa masikioni, mpeni kofia, mwambieni kabla mtapita wapi na mtarudi lini. Waelezeni wasimamizi wa foleni, wajumbe wa kijiji pia wasaidie kuwaeleza. Mtoto mwenye usonji ana haki ya kuhesabiwa kati ya wenye mahitaji maalum, hata kama miguu yake ni mizima.

Tano, akiwa ameshalipuka, punguzeni maneno. Ondoeni watoto wengine, ondoeni vitu vya kuumiza, kaeni karibu bila kumziba njia. Wengine wanatulia wakibanwa na kitenge kizito mabegani, wengine hawataki kuguswa kabisa. Wengine wanatulia wakibeba kidumu cha maji cha lita tano, au wakisukuma ukuta. Mtajua cha kwenu kwa kujaribu siku za amani. Msimpige. Msimfunge. Fimbo inamwongezea mwili habari nyingine kali wakati tayari zimemzidi, na kamba inamfundisha kwamba akizidiwa hakuna atakayekuja.

Sita, mrudi nyuma baadaye. Akishapoa, hata kesho yake, choreni umbo la mtu chini kwa kijiti. Mpeni mawe madogo, aweke pale palipokuwa "pabaya" kabla hajalipuka. Msimkosoe. Mawe yakirudi pale pale mara tatu nne, hapo pana habari.

WAKUBWA PIA

Tusifikiri ni mambo ya watoto. Kijana mmoja, fundi wa matofali, alikaa nasi kikao kizima bila kusema, akangoja watu waondoke. Akasema: "Mimi waliniita mkorofi tangu Uvira. Kumbe njaa siisikii tumboni. Naijua mikono ikishaanza kutetemeka, na saa hiyo nimeshagombana na mtu." Siku hizi anakula chuma cha shule kinapogongwa, asikie njaa asisikie. Anasema ugomvi umepungua kazini.

Alituambia na jambo zito zaidi. Kwa miaka mingi amejifanya kama wengine: anacheka wanapocheka, anavumilia kelele, anaficha. Jioni anarudi amechoka kama aliyebeba mawe, na kuna siku ameona maisha hayana maana. Hayuko peke yake. Inajulikana kwamba wasiwasi mkubwa na sonona huwapata watu wenye usonji na ADHD zaidi ya wengine, na mawazo ya kujiua pia. Sehemu ya mzigo huo tunawabebesha sisi, kwa majina tunayowaita.

Basi mtu wa nyumbani mwako akisema amechoka kuishi, msimcheke, msimhubirie, msimwache peke yake. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ondoeni karibu naye kamba, dawa na sumu ya panya, na mmpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na ninyi akina mama na akina baba wa watoto hawa, miili yenu nayo inaongea. Usiku mmelala lini? Mabega yakoje? Mzazi ambaye damu imemchemka hawezi kumtuliza mtoto. Pokezaneni. Siyo aibu kumwambia jirani, "Nishikie mtoto nusu saa, nikakae tu."

KITUO CHA AFYA KINASAIDIA NINI

Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na mtu akiwauzia dawa hiyo, chupa au mzizi, shikeni pesa yenu. Lakini kuna mambo ya kupima na kutibu. Mtoto asiyeitika apimwe masikio. Mtoto anayepotewa kwa ghafla, macho yamekodoka au mwili unakakamaa, achunguzwe kifafa, kwani kifafa huwapata zaidi wenye usonji, nacho kina dawa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo wa afya ya akili kwa wahudumu wa kawaida kwenye maeneo ya dharura. Kwa hiyo msikubali kurudishwa kwa sababu tu eti hapa hakuna daktari bingwa. Ombeni kwa heshima kuonana na mhudumu wa afya ya akili.

Na hili tulishike sana: mtoto ambaye hasomi mwili wake hatawaambia anaumwa. Tabia yake ikibadilika kwa ghafla, ameanza kupiga kichwa, amekataa chakula, halali, msianze na adabu wala maombi peke yake. Anzeni na mwili. Pimeni homa na malaria, angalieni meno, masikio, koo, tumbo na choo chake.

MAWE MATATU

Tumalizie kwa yule mama. Alianza na wiki ya mikono. Mtoto alikataa udongo, akapenda maji. Wiki ya pili alisema neno moja, "baridi", na mama akalirudia nyumba nzima kama wimbo. Wiki ya nne wakachora mtu chini mbele ya mlango, siku moja baada ya mlipuko. Mtoto alichukua mawe matatu, akayaweka yote kwenye sikio la kushoto. Mama akafikiri anacheza. Kesho yake tena sikio la kushoto. Siku ya tatu tena.

Akampeleka kituo cha afya. Ndani ya sikio kulikuwa na usaha, na mhudumu alisema tatizo hilo si la jana wala juzi. Ule mkono aliokuwa akijipiga kichwani, ule tulioambiwa ni mapepo, ulikuwa unapiga mahali panapouma. Alipewa dawa na wakaambiwa warudi kupimwa usikivu.

Bado ana usonji, na bado mvua ya bati inampeleka chini ya kitanda. Mgao uliofuata alilia foleni nzima na mama yake alirudi amechoka. Lakini hakujipiga, na hakufungwa. Baba yake ndiye aliyekifungua kile kitenge kitandani, akakifua, akakirudisha kwa mama. Alituomba tuliandike hilo, na sisi tumeliandika.

Sisi nasi tunaomba radhi kwa ushauri wetu wa kwanza. Tuliandika kama vile watoto wote wana nywele za namna moja.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Jioni, kabla ya kulala, kila mtu wa nyumba, kuanzia mzee mpaka mdogo, ataje kiungo kimoja cha mwili wake na aseme kikoje. Msitafute maneno makubwa. "Miguu imechoka" inatosha. Halafu mtuletee habari Jumamosi, chini ya mwembe kama kawaida. Wenye watoto wasiopenda watu wengi, njooni mapema, tutawatengea kona yenye kivuli na kimya.

Mbaki salama. Tutaonana mwezi ujao.